Taa za Nchi Nne Juu ya Ziwa Moja

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa mwaloni, vijana, habari za asubuhi.

Nimekuja na dagaa. Nimewanunua leo alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, nikawamwaga hapa kwenye gazeti ili wa mbele wawaone. Huyu anajaza kidole changu cha kati. Huyu mwingine hafiki hata ukucha wa dole gumba, na hajawahi kutaga hata mara moja. Mama zangu mnaoanika mnamjua: ukimtandaza juani anakauka na kuwa unga, anapukutika chini ya chanja, gunia halijai.

Alizaliwa upande gani wa ziwa? Hakuna awezaye kusema. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na tunalimiliki wanne: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Dagaa hufuata chakula, usiku juu, mchana chini, na migebuka, samaki wanaowala, huwafuata wao. Usiku mvuvi huwasha taa botini ili kuwavuta. Wa Burundi anaweza kunaswa na taa ya Kigoma, na wa kwetu akaishia kwenye beseni la Kalemie.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga ziwa, uvuvi ukasimama, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kaka yangu ni mvuvi. Miezi ile boti yake ilikaa juu ya mchanga, mbao zikapasuka kwa jua. Madeni yalimsumbua, ndiyo, lakini usiku mmoja alinipigia simu kwa jambo jingine: "Dada, mimi nizime taa yangu, je, mwenzangu wa ng'ambo naye amezima?"

Swali hilo nimelibeba hadi leo, kwa sababu ndilo kiini cha jambo lote. Anayepumzisha ziwa peke yake anamtunzia samaki yule mvuvi asiyelipumzisha. Ndiyo maana nchi hizi nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekwa Bujumbura. Mkataba naupenda. Ila mvuvi haoni saini, anaona taa. Tarehe za kufunga zikitofautiana hata kwa wiki moja, nyavu za matundu madogo zikikamatwa hapa na kuuzwa wazi kule, kaka yangu atawasha taa yake, nami sitakuwa na neno la kumzuia.

Na ziwa lenyewe halina nguvu ya zamani. Maji ya juu yamezidi kupata joto, kwa hiyo hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha dagaa kinapungua. Tunavua zaidi palipobaki kidogo.

Faraja yangu ni kwamba dagaa hukua upesi. Miezi mitatu kwake si kidogo. Lakini ifungwe siku moja kwa wote, doria ya Kigoma na ya Uvira, kule Kongo, zipeane taarifa usiku uleule, na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kulinda mialo, wa pande zote wakutane, si maofisa peke yao. Na mama anayeishi kwa kuanika apewe kitu cha kuishi nacho miezi hiyo; kumwambia avumilie tu ni kumwonea.

Dagaa hawa nawaacha hapa mezani. Tuanze maswali, na naomba aanze yule mama wa nyuma, mwenye beseni.