Siku moja Luxor: muone nini, muache nini

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, shikamooni wakubwa zangu, na nyie wenzangu mambo vipi. Karibuni tena. Leo siko barabarani, niko chumbani kwangu hapa Cairo, feni inazunguka na jirani wa juu anasogeza makabati tangu asubuhi, kwa hiyo mkisikia vishindo msishtuke.

Tangu niwaonyeshe piramidi za Giza, swali linalonijia ni lile lile. Tunakuja Misri, siku zenyewe chache, Luxor tumeitengea siku moja tu, je inatosha? Kuna kundi la akina mama wa Tanga wanakuja Januari, wameuliza kwa sauti, yaani wamenitumia voisi ndefu kuliko video zangu. Mama zangu, nimewasikia. Hii ni yenu.

Kuona yote, siku moja haitoshi. Hata wiki haitoshi. Kuona vizuri vitu vitano, inatosha na chenji inabaki. Wanaorudi wamechoka na hawakumbuki walichokiona ni wale walioandikiwa na wakala orodha ya sehemu tisa, wakashuka kwenye basi, picha, wakapanda, picha, wakapanda. Mimi leo nitawapangia kwa jua, halafu kwa jambo moja ambalo sisi watu wa Afrika Mashariki tunapaswa kulitazama kwa macho yetu wenyewe.

Kwanza mahali penyewe. Luxor iko kusini mwa Cairo, kama kilomita 650. Treni ya usiku ni saa kumi hivi, na mimi ndiyo ninayoipenda kwa sababu mnalala njiani na mnaamkia kwenye mashamba ya miwa. Ndege ni kama saa moja. Wanaofikia Hurghada, kule kwenye fukwe, wanakuja kwa barabara, saa nne hivi, ndiyo maana asubuhi ikishapevuka Luxor inajaa mabasi.

Mji huu zamani uliitwa Waset, Wagiriki wakauita Thebes. Mto Nile unaupasua katikati. Mashariki, jua linakochomoza, ndiko walikoishi na kuwajengea miungu mahekalu makubwa. Magharibi, linakozama, ndiko walikozika wafalme wao. Ramani hiyo ndiyo ratiba yenu: alfajiri nendeni magharibi, alasiri rudini mashariki. Magharibi hakuna kivuli cha maana, majabali yanarudisha joto usoni, na malango hufungwa jioni mapema. Mashariki hekalu la Luxor hubaki wazi mpaka usiku, taa zinawaka. Mkigeuza, mtakuwa kwenye bonde la makaburi ya wafalme saa 8 mchana, na mkija Julai au Agosti joto hupita digrii 40. Mimi simpeleki mzazi wa mtu huko saa hizo. Januari ni afadhali sana, asubuhi hata sweta mtalitaka.

Kuvuka kuna daraja, lakini liko mbali kusini mwa mji. Wenyeji wanapanda kivuko karibu na hekalu la Luxor, nauli ndogo mno, mnabanana na baiskeli na vikapu vya nyanya kama pantoni ya Kigamboni. Ng'ambo mtakuta madereva. Wakimataifa hao, watawasalimia kwa lugha saba. Hapa ndipo mama zangu wa Tanga mtafurahi, maana kupatana bei hamhitaji kufundishwa. Ila pataneni vitu vinne kabla ya kufunga mlango wa gari: bei ya gari zima, saa ya kurudi, sehemu mnazokwenda, na kwamba hakuna kusimama kwenye duka la alabasta, yaani jiwe la kuchongea mapambo. La mwisho lirudieni mara mbili. Dereva hupata kamisheni pale, na "dakika tano" za pale ni dakika hamsini, mnapewa chai, mnaonyeshwa mtu anachonga jiwe, mwisho mmenunua paka wa kilo tatu.

Haya, sehemu ya kwanza. Watu wengi huanza na Bonde la Wafalme. Mimi nasema anzeni na hekalu la Hatshepsut, Deir el-Bahari. Sababu ni kwamba lina uwanja mpana usio na mti, na njia ndefu ya mteremko ya kupanda kwa miguu. Makaburi yako chini ya ardhi, jua haliyafikii, yanaweza kusubiri. Uwanja ule hausubiri. Fikeni lango linapofunguliwa, mara nyingi ni saa 12 asubuhi, jua la mashariki linalipiga hekalu usoni, lile jabali la nyuma linakuwa rangi ya asali. Ngazi tatu za baraza, moja juu ya nyingine, zimeegemea mlima.

Hatshepsut alikuwa mwanamke, na alitawala kama farao kamili, kwa takriban miaka ishirini, karne ya 15 kabla ya Kristo. Sanamu zake nyingi zinamwonyesha na ndevu za kifalme za bandia. Baada ya kufa kwake, Thutmose III aliyemfuata alikuja kuamuru sura na majina yake yafutwe kwa patasi. Mkitembea pale mtaona alama za patasi, umbo la mtu limebaki lakini mwili wenyewe umekwanguliwa.

Sasa pandeni hadi baraza ya kati, mkilitazama hekalu mwende mkono wa kushoto. Hapo kuna ukuta wa safari ya Punt. Jamani, tulieni hapo. Msipige picha kwanza, tazameni. Katika mwaka wa tisa wa utawala wake Hatshepsut alituma merikebu tano kupitia Bahari ya Shamu kwenda nchi ya Punt, na mafundi wakaichora safari nzima kwenye jiwe. Kuna nyumba za Punt zimejengwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi. Kuna merikebu zinapakiwa, na wapakiaji wanapanda ubao na mizigo: ngozi za chui, pembe za ndovu, mpingo, nyani wanapanda kwenye kamba za tanga. Na miti ya ubani, mizima, mizizi yake imewekwa kwenye vikapu, watu wanaibeba kwa mti mabegani, kwenda kupandwa Misri. Chini ya merikebu wamechora bahari na samaki wake. Samaki wa bahari, sio wa mtoni. Mkitazama vizuri mtaona kambakoche na ngisi. Mtu wa pwani hahitaji mwongozaji kumwambia hao ni nini. Mzee wangu mmoja mvuvi nilimtumia picha, akanijibu neno moja tu: "Wanaliwa."

Yuko pia malkia wa Punt, mama mnene haswa, na nyuma yake punda, na maandishi yanasema huyu ndiye punda anayembeba mke wa mfalme. Jiwe la asili la malkia liko jumba la makumbusho hapa Cairo, pale ukutani ni nakala.

Najua mtakachoniandikia. Kila nikigusia Punt kuna mtu anasema Punt ni Zanzibar, mwingine Lamu. Taratibu. Wataalamu wengi wanaielekeza kaskazini zaidi, pwani ya Eritrea na Sudan mpaka Pembe ya Afrika, na uchunguzi wa mizoga ya nyani waliokaushwa na Wamisri uliangukia maeneo ya Eritrea na Ethiopia. Kwa hiyo sio kwetu moja kwa moja. Lakini ni Afrika yetu ya mashariki, ni ubani, ni mpingo, ni biashara ya bahari, miaka elfu tatu na mia tano iliyopita, na imechorwa na watu waliohitaji vitu vyetu. Mimi ukuta ule nauweka mbele ya kaburi la Tutankhamun, yule farao kijana maarufu, bila kusita.

Tukifika kwa Tutankhamun. Bonde la Wafalme lina makaburi zaidi ya 60, tiketi ya kawaida inakupa kuingia matatu kati ya yale yaliyofunguliwa siku hiyo. Tutankhamun analipiwa tiketi ya pembeni. Howard Carter, mwanaakiolojia Mwingereza, alilipata kaburi lake Novemba 1922, dunia nzima ikachangamka, lakini kaburi lenyewe ni dogo, chumba kimoja tu ndicho chenye michoro. Mwili wake bado upo pale, hazina zake ziko Giza kwenye Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, lililozinduliwa rasmi Novemba 2025. Pesa ile ya ziada mimi ningeipeleka kwa Ramses wa Sita: dari la chumba cha maziko ni mungu mke wa anga, Nut, mwili wake umenyooshwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, analimeza jua jioni na kulizaa asubuhi. Wenye magoti mabovu, muulizeni askari lipi halina ngazi nyingi. La Ramses wa Nne ni rahisi, unaingia karibu kama barazani. Ndani kuna joto la unyevu, wenye pumu wasikae sana.

Askari wa makaburini atakuita kwa kidole, "njoo, njoo", akuonyeshe kona iliyofungwa kamba. Kumfuata ni kukubali kutoa bakshishi. Hutaki, tabasamu, sema "la, shukran", endelea. Hakuna ugomvi.

Sehemu ya tatu magharibi ni Medinet Habu, hekalu la Ramses wa Tatu. Mabasi mengi hayaendi, na ni makosa yao, maana rangi zimebaki kwenye dari na nguzo, na michongo imezama kwenye jiwe kiasi cha kuingiza kiganja. Ila kisa ninachokipenda cha mfalme huyu hakikuchorwa ukutani. Mafundi waliochimba makaburi ya bondeni waliishi kijiji cha Deir el-Medina, mtakipita njiani. Walilipwa nafaka. Mwaka wa 29 wa Ramses wa Tatu posho ikachelewa, ikachelewa tena. Wakaweka chini zana, wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu, wakasema tumekuja kwa njaa na kiu, hatuna nguo, hatuna mafuta, samaki wala mboga. Karani akaandika, karatasi ya mafunjo ipo Turin, Italia, mpaka leo. Ndio mgomo wa wafanyakazi wa zamani zaidi tunaoujua kwa maandishi. Walimu na manesi mnaonitazama, mnajua wenyewe.

Masanamu mawili ya Memnon yako kando ya barabara, hayana tiketi. Shukeni dakika kumi, yatosha.

Mchana kuleni. Ful, yaani maharage ya Kimisri, taamiya, yaani bajia zake, mkate wa moto, na juisi ya miwa, maana miwa ya mkoa ule ni tamu kweli. Pumzikeni mpaka joto livunjike, ndipo mvuke, saa 9 hivi muwe Karnak. Karnak ni hekalu kubwa la upande wa mashariki, lilijengwa na kuongezwa na wafalme wengi kwa karibu miaka elfu mbili, kwa hiyo msijaribu kulielewa lote. Ingieni ukumbi wa nguzo: nguzo 134, zile 12 za katikati zina urefu wa kama mita 21. Halafu mtafuteni Hatshepsut tena. Mnara wake wa jiwe moja la matale kutoka Aswan bado umesimama, karibu mita 30. Thutmose aliuzungushia ukuta chini, na sehemu iliyofichwa ikahifadhika vizuri.

Kutoka Karnak mpaka hekalu la Luxor kuna barabara ya masanamu ya sfinksi, wale wenye mwili wa simba, kama kilomita 2.7, ilifunguliwa upya Novemba 2021. Wenye miguu watembee, mama zangu pandeni teksi. Mbele ya hekalu la Luxor kuna mnara mmoja wa jiwe kama ule wa Karnak, mwenzake uko Paris, uwanja wa Concorde, tangu 1836.

Na ndani ya hekalu, juu, kuna msikiti wa walii Abu el-Haggag. Ulijengwa wakati hekalu limefukiwa na mchanga na mji, na hekalu lilipofukuliwa mlango wa zamani wa msikiti ukabaki unaning'inia hewani. Unaswaliwa mpaka leo, unaingilia upande wa nje. Pigeni hesabu muwe hapo wakati wa swala ya magharibi, jua likizama. Mwezi wa Shaaban kuna maulidi yake, na kwenye maandamano wanabeba mashua. Mafarao nao katika sikukuu yao ya Opet walipitisha mashua za miungu kutoka Karnak kuja hapa hapa. Mtu wa maulidi ya Lamu atasimama na kufikiri.

Haraka haraka vifaa. Kadi ya benki ni lazima, maana malango mengi makubwa hayapokei taslimu, lakini noti ndogo ndogo muwe nazo kwa vyoo na kivuko. Wanafunzi, kitambulisho hai kinawapa nusu bei. Kofia, maji, kanga moja ya ziada. Bei za tiketi hubadilika, zitazameni kwenye tovuti ya serikali wiki mnayosafiri. Ramadhani saa za kufunga husogezwa mapema.

Mkiwa na siku ya pili, msibaki mjini. Chukueni gari kwenda kwenye mahekalu ya Dendera na Abydos, kaskazini, zote kwa siku moja inawezekana mkitoka alfajiri. Abydos kuna ukuta wenye majina ya wafalme 76, wa mwisho akiwa Seti wa Kwanza mwenyewe. La Hatshepsut msilitafute, waliliruka. Hiyo nitaitengenezea video yake nikipata dereva asiyependa alabasta. Mwenye namba ya dereva kama huyo anitumie inboksi, asiiweke kwenye maoni.