Hundi ya Mjomba Kauzibe

Mhadhara kwa vijana wa vikundi vya maigizo, Kigoma mjini

Mwakeye! Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu mliokaa pale mbele, shikamooni.

Mshereheshaji amenikaribisha kwa mbwembwe na namshukuru. Ila hebu tazameni alichokifanya. Kasema, "Mpokeeni Mjomba Kauzibe!" nanyi mkapiga makofi mpaka bati likalia. Hakuna aliyeuliza mama yake huyu mtu alimwita nani. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasimama, nimeshafika nusu ya njia, ndipo nikakumbuka kwamba hilo si jina langu. Nilikuja na karatasi ya historia ya tamthilia, ninayo hapa mfukoni. Ikae huko huko. Leo tuzungumze habari ya jina.

Kwa wadogo zangu ambao hamkuuona ule mchezo wa televisheni: Kauzibe alikuwa mjomba asiyetaka mpwa wake yeyote aolewe. Mchumba akija na gari, Mjomba anasema huyu jambazi. Akija kwa miguu, huyu ni hohehahe. Nilipewa nafasi hiyo kwa vipande vitatu tu, nikakaa nayo misimu mitatu, na imekaa nami hadi leo.

Sasa niwaulize. Amri Athumani ni nani? Kimya. Hussein Mkieti je? Said Ngamba? Kulwa Kikumba? Haya, nikisema King Majuto, Sharo Milionea, Mzee Small na Dude, mbona mnacheka? Watu ni wale wale. Masanja Mkandamizaji naye huko mjini ni Emmanuel Mgaya, ila nenda kamwulizie kwa jina hilo uone utaelekezwa wapi.

Kwa mwigizaji wetu jina la sanaa ndiyo shamba lake. Ndilo linalomfanya aitwe kuendesha harusi, ndilo linalomweka kwenye tangazo la sabuni. Ujira wa lokesheni, wengi wetu tulikuwa tunauita nauli, na mara nyingine hata nauli yenyewe ilikuwa ya kwenda tu, kurudi ujijue. Kwa hiyo swali la kwanza la mwigizaji haliko kwenye machozi ya haraka wala sauti nzito. Liko hapa: shamba hili, hati yake anayo nani?

Zamani swali hilo halikuwasumbua watu sana, kwa sababu michezo ilikuwa redioni. Wazee wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi. Mwaka 1993 Redio Tanzania ikaanza Twende na Wakati, mchezo wa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi, na ndani yake akawemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye hawara kila kituo. Wenzetu wa upande wa Dodoma hawakurushiwa mchezo huo hadi 1995, maana watafiti walitaka kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Hapa Kigoma tuliusikia. Jirani yetu mmoja alikuwa akizima redio Mkwaju akianza kuongea, kisha anaiwasha tena taratibu ajue kimetokea nini. Lakini huyo aliyeigiza Mkwaju angeweza kukaa nawe siti moja ya treni toka Tabora mpaka hapa, mkala karanga pamoja, usimjue mpaka afungue mdomo.

Televisheni iliondoa maficho hayo. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Bara tulingoja mpaka 1994. Yakaja makundi kama Kaole, watu wakawa wanawahi nyumbani siku ya mchezo. Huku mwisho wa reli ilifika kwa kuchelewa, kwa dishi la tajiri mmoja pale Mwanga na kwa vibanda umiza, lakini ilifika. Tangu hapo uso wa mwigizaji na jina la mhusika vikashonwa pamoja, na uzi hautoki.

Niwape kisa cha hundi.

Msimu wa pili tulidai mpaka tukachoka. Siku moja mhasibu wa waliotuajiri, sitawataja, akatuita ofisini akagawa bahasha. Sikufungua yangu pale, nikaona aibu. Nikaifungulia kwenye foleni ya benki. Hundi ilikuwa safi, ina mhuri, ina sahihi mbili, na pale panapoandikwa mlipwe fulani, pameandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa: Mjomba Kauzibe.

Nikasema labda itapita. Nikampa dada wa dirishani pamoja na kitambulisho changu. Akaangalia hundi, akaangalia kitambulisho, akaniangalia mimi. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita meneja, meneja akatoka na miwani yake usoni akasema, "Aisee, ni yeye kweli!" Walipiga picha na mimi mmoja mmoja, na mlinzi akaja na bunduki yake begani naye apigwe. Soda nililetewa. Hela sikupewa. Meneja alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishika mkono kwa upole, akasema, "Mzee wangu, sote tunajua ni wewe. Ila kwa benki huyu mtu hayupo."

Nilitembea kutoka pale mpaka kwangu Tandale, kule Dar, kwa sababu nauli nilitegemea iwe ndani ya ile hundi. Njiani watoto wananiita, "Mjomba! Mjomba!" Ilirudi kuandikwa upya baada ya wiki tano. Lakini kuna jambo hundi ile ilinifumbua macho. Nilirudi nyumbani nikatoa mkataba wangu chini ya godoro, kurasa mbili, nikausoma mara ya kwanza tangu niutie sahihi. Ndiyo, mara ya kwanza, msinicheke. Kulikuwa na mstari unaosema wahusika wote, majina yao na mienendo yao ni mali ya mtayarishaji. Yaani nilipokuwa nasherehesha harusi za watu Magomeni kwa jina la Kauzibe, nilikuwa nalima shamba la mtu.

Si mimi peke yangu. Mnalikumbuka kundi la vichekesho lililokuwa likiitwa Ze Comedy? Walipohama kituo wakaenda TBC mwaka 2008, ukazuka mvutano wa jina, wakaonekana upya wakiitwa Orijino Komedi. Sura zile zile, utani ule ule. Bahati yao walikuwa wengi na walikuwa wameshapendwa, watazamaji waliwafuata. Mtu mmoja aliyenyang'anywa jina, nani atamfuata?

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Shikeni hilo neno la pili, maana la kwanza kila mtu analiimba. Hakimiliki ni ya aliyeandika au aliyetunga. Hakishiriki ndiyo inayomgusa mwigizaji: ile kazi yako ya mwili na sauti, mbele ya kamera, inatambulika kwamba ni yako pia, haichukuliwi kiholela. Lakini sheria haiingii chini ya godoro kusoma mkataba kwa niaba yako. Ukishatia sahihi kwamba umetoa kila kitu, umetoa.

Mzee Majuto alituchekesha tangu wengine hatujaota meno. Mwaka 2018 akiwa mgonjwa, amekwenda kutibiwa hadi India, ndipo habari za mikataba ya matangazo aliyofanya zikawa gumzo, mpaka waziri akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Alifariki Muhimbili Agosti 8 mwaka huo, akazikwa kwao Tanga. Nakumbuka nilijiuliza: sura yake ilikuwa kila ukuta, mbona tunazungumzia mikataba yake leo, wakati yuko kitandani?

Wenzetu wa Marekani waligoma mwaka 2023, kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, siku 118. Walitaka fedha za marudio kwenye mitandao ya kulipia, na walitaka sura zao zisitengenezwe na kompyuta bila wao kuridhia. Wao wana chama kinachoweza kufunga studio. Sisi tukigoma watano, kesho asubuhi wako vijana hamsini getini na nauli zao mkononi. Nisiseme zaidi, maana baadhi ya hao hamsini mko hapa.

Kuhusu kazi yenyewe, nitawapa sini moja tu. Sini ya kula. Mtazamaji anaona mjomba anamega tonge, anasema, "Haolewi mtu hapa," basi. Kwenye lokesheni hiyo ni asubuhi nzima. Inachukuliwa kwanza kutoka mbali watu wote waonekane. Halafu kamera inakuja usoni kwangu, narudia. Halafu inageuzwa kwa mwenzangu, narudia tena hata kama mimi sionekani, ili yeye apate wa kumjibu. Na kila mara tonge liwe mkono ule ule, kwenye neno lile lile. Nikisema "haolewi" tonge liko juu ya mchuzi. Nikisema "hapa" liko mdomoni. Likikosea, wakati wa kuunganisha picha mtu ataonekana anameza kabla hajamega. Siku hiyo tulirudia mara kumi na moja. Ugali umepoa umekuwa kama kipande cha tofali, samaki anapuliziwa maji ang'ae. Mara ya saba jogoo wa jirani akawika, mara ya tisa jenereta ikazima. Tulipomaliza, saa nane mchana, wakaleta chakula cha waigizaji. Fungua: ugali na samaki.

Na sisi wa Kigoma tuna mzigo wa ziada. Ukitaja unakotoka, dairekta anachekelea, ameshampata mganga! Kabla ya Kauzibe nimevaa kaniki na kubeba tunguri misimu miwili, mimi ambaye nyumbani kwetu Ujiji hata kuchanjwa chale sijawahi. Mwalimu wetu wa kwanza wa maigizo alihangaika nami miezi sita niiache lafudhi ya Kiha, niongee kama mtu wa pwani. Nilipoweza, akaniletea skripti imeandikwa kando ya jina la mhusika wangu: "aongee kama Muha."

Mtaniambia, mbona Kanumba alikuwa Kanumba? Ni kweli, na ndiyo maana namheshimu. Steven Kanumba alitoka Shinyanga, akaingia Kaole mwaka 2002, na jina la wazazi wake ndilo alilolibeba hadi kwenye makasha ya kanda. Alipofariki Aprili 7, 2012, ana miaka 28, umati uliokwenda kumzika Kinondoni ulikuwa unalia kwa jina lake mwenyewe. Wachache sana wameliweza hilo. Mwaka huo huo, Novemba, Sharo Milionea akafa kwa ajali ya gari Muheza, na mpaka leo mtu akisimulia hasemi Hussein.

Siku hizi mambo yamechangamka. Kuna chaneli za kulipia zinazotaka tamthilia kila wiki. Huba, mojawapo ya tamthilia hizo, ilianza 2017. Kazi zimeongezeka, na mikataba imekuwa na kurasa zaidi ya mbili. Wapo wanaolipwa kwa siku, wapo kwa sini, wapo kwa kipande. Ukiambiwa kwa kipande, uliza: kikipigwa picha Machi kikarushwa Septemba, unalipwa Machi au Septemba? Kikirushwa tena mwakani? Kikiuzwa nchi nyingine? Na jina la mhusika, ukiondoka, unaondoka nalo? Uliza kabla hujavaa nguo za lokesheni, maana ukishazivaa unakuwa mnyonge.

Mimi niliuliza kwa kuchelewa, mwanzoni mwa msimu wa tatu. Niliwaomba nyongeza, na niliwaomba ruhusa ya maandishi nitumie jina kwenye shughuli zangu. Walinisikiliza vizuri, wakaniletea chai. Wiki ya pili yake skripti mpya ikaja. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa: MJOMBA ANAREJEA KIGOMA.

Tuliipiga picha stesheni ya Dar es Salaam. Nilipewa begi limejazwa magazeti ili lionekane zito. Nikapanda behewa, nikapunga mkono dirishani, wapwa zangu wa kwenye mchezo wanalia kwa furaha kwamba sasa wataolewa. Dairekta akasema imetosha. Nikashuka kwa mlango wa upande wa pili, nikarudisha begi, nikapanda daladala kwenda Tandale.

Ilirushwa Februari. Mimi mwenyewe niliishiwa kodi ya nyumba mwezi wa saba, nikakata tiketi ya kweli. Safari hii begi lilikuwa zito bila magazeti. Tulifika hapa stesheni asubuhi, ukungu wa ziwani haujaondoka. Wa kwanza kunisogelea alikuwa kijana mbeba mizigo. Akanitazama, akaweka mikono kiunoni.

"Mjomba! Si tulikuona unapanda treni mwezi wa pili? Muda wote huo mlikuwa wapi?"

Nikamkabidhi begi. Nikamwambia tulikwama Uvinza.