Gavana na Jeshi Lake: Ofisi Kuu ya Dar es Salaam, 1891–1918

Ndugu wasikilizaji, vitabu vya shule vimetuzoesha kumwona gavana wa Kijerumani kama mtawala asiye na mpinzani. Sheria ilimpa hadhi hiyo: raia na jeshi, wote walikuwa chini yake. Kazi yenyewe ilikwenda vingine, na watu wetu ndio walioumia.

Julius von Soden, gavana wa kwanza, alikuwa raia, yaani si mwanajeshi. Mwaka 1891 makao makuu yalihama Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na mwaka huohuo kamanda Emil von Zelewski alikwenda kupigana na Wahehe. Agosti 17, pale Lugalo, Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Tangu hapo Berlin ilihangaika na swali moja: gavana awe raia au mwanajeshi?

Friedrich von Schele, aliyefuata, alishika vyeo vyote viwili, cha gavana na cha kamanda wa jeshi. Mwaka 1894 aliongoza mwenyewe shambulio la Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Gavana akiwa vitani, nani anasimamia mahakama, forodha na hazina? Mwaka 1895 vyeo vikatenganishwa: Hermann von Wissmann akapewa ugavana, Lothar von Trotha akabaki na jeshi. Mwaka uliofuata Wissmann akaondoka. Eduard von Liebert akaunganishiwa tena vyote, na ndiye aliyeleta kodi ya nyumba mwaka 1897.

Kodi hiyo inaonyesha ofisi ilivyofika kijijini. Amri ilitoka kwa gavana, ikaenda kwa mkuu wa wilaya, ikashuka kwa akida, msimamizi wa vijiji kadhaa, kisha kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Penye ngome ya jeshi, mkuu wa wilaya alikuwa ofisa wa jeshi, kwa hiyo mkusanya kodi na mwenye bunduki walikuwa mtu mmoja. Mwananchi angemshtaki kwa nani? Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wa historia hii.

Baada ya vita vya Majimaji, gavana Albrecht von Rechenberg, raia, alizidi kuhamishia wilaya mikononi mwa watawala wa kiraia. Kufikia 1914 Iringa na Mahenge zilikuwa bado za kijeshi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka huo, gavana Heinrich Schnee alitaka miji ya pwani isipiganiwe. Kamanda wa jeshi Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa chini yake kisheria, akapigana Tanga mwezi Novemba, akashinda. Kuanzia hapo Schnee alibaki na cheo, na maamuzi ya vita yakawa ya Lettow-Vorbeck hadi 1918.