Pumu Hutibiwa Ikiwa Imelala

Ndugu zangu, kila mmoja ainamishe kichwa. Pitisha kidole nyuma ya shingo mpaka kwenye kifundo cha mfupa kilichotokeza. Kutoka hapo hesabu mifupa mitatu kushuka, kisha sogea upana wa vidole viwili kulia au kushoto. Wachina wanapaita Feishu, na fei maana yake ni pafu. Hapo ndipo mwenye pumu anapochomewa majani ya ai, mmea wa jamii moja na pakanga.

Majani hukaushwa, yakatwangwa mpaka yawe laini kama pamba, yakasokotwa kwenye karatasi. Ncha huwashwa, ikashikiliwa karibu na ngozi bila kuigusa, mpaka pale mahali pawe pekundu.

Ila kinachonivutia zaidi ni majira. Pumu inayobana wakati wa baridi, wao huitibu katikati ya joto, kwenye siku ziitwazo Sanfu, kuanzia katikati ya Julai hadi Agosti, mgonjwa akiwa anapumua vizuri. Mwaka 1695 tabibu Zhang Lu aliandika juu ya kubandika mgongoni, katika siku hizo, mbegu za haradali zilizosagwa na kuchanganywa na maji ya tangawizi. Moto hauwashwi, haradali yenyewe inaunguza.

Wazo hilo naliheshimu sana, maana ndilo tunalolisahau kila siku. Dawa ya kuvuta yenye steroidi nayo hutumika kifua kikiwa shwari, ili uvimbe wa njia za hewa usirudi. Wangapi wetu huiacha wiki ile ile wanapopata nafuu?

Lakini tusidanganyane. Ushahidi kwamba moto huu unatuliza pumu bado ni dhaifu. Ni vigumu hata kuupima, kwa kuwa aliyechomwa anajua amechomwa, na kujua tu kunaweza kumfanya ajione ana nafuu. Tena moshi! Kifua cha mwenye pumu hakitaki moshi, uwe wa kuni au wa majani ya tiba. Na baadhi ya dawa za kubandika huwa na mzizi wa xixin, wenye sumu inayoharibu figo.

Anayetaka kujaribu aulize kwanza kilichomo, akatae chumba chenye moshi, na pampu yake ya kufungua kifua haraka iwe mfukoni. Ukiona mtu hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mpe pampu hiyo, mkimbize hospitali.