Sauti Bila Sanduku

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Spika mnayoijua nyote ni koili, sumaku na koni ndani ya sanduku. Muundo huo wahandisi Rice na Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, waliueleza mwaka 1925, na mpaka leo ndio tunaoutumia. Msilidharau lile sanduku. Koni inaposukuma hewa kwa mbele, kwa nyuma inaivuta. Mawimbi hayo yakikutana yanauana, na besi ndiyo hufa kwanza. Sanduku linayatenga. Anayetaka kulitupa ajibu kwanza swali la besi.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walionyesha utando mwembamba wa mirija midogo mno ya kaboni unaotoa sauti bila kutetema. Umeme unaupasha joto, unapoa, unapata joto tena, kasi ajabu. Hewa iliyougusa inatanuka na kusinyaa, nasi tunasikia muziki. Unapitisha mwanga, unakunjika. Fikirini pazia linaloimba! Ila besi yake ni hafifu, na unakula umeme mwingi.

Moyo wangu mimi uko kwenye miale ya sauti. Sikio la binadamu hukomea mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Rusha mawimbi ya 40,000, uyabebeshe wimbo: hayasikiki, lakini yanakwenda yamenyooka kama mwanga wa tochi, na hewa yenyewe njiani inayageuza kuwa sauti ya kusikika. Mwanafizikia Mmarekani Westervelt aliieleza nadharia ya jambo hili mwaka 1963. Sasa oneni sebule moja: bibi mwenye masikio mazito anapata taarifa ya habari kwa sauti ya juu, na mjukuu amelala hatua tatu kutoka kwake. Hakuna aliyemnyima mwenzake. Kwangu hilo ni kubwa kuliko urembo wowote wa spika. (Kabla ya kuyaingiza majumbani, nguvu ya mawimbi hayo masikioni ipimwe kwa makini. Hapo sitaki haraka.)

Na besi? Wimbi la mitetemo 20 kwa sekunde lina urefu wa mita 17 hivi. Hakuna mwale wa kulibana ndani ya chumba. Basi tusilitume hewani: mtambo mdogo wa kutetemesha uwekwe ndani ya kiti, besi impande msikilizaji mgongoni, na jirani asisikie kitu. Mchoro wa kiti hicho uko hapa mezani. Sogeeni tuutazame pamoja.