Heliseni na Kanuni Tunayowakaririsha Wanafunzi

Mheshimiwa Mwenyekiti na walimu wenzangu, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikililalamikia jambo hili, nami leo nalirudia. Bado tunamkaririsha mwanafunzi wa kidato cha sita kwamba molekuli haiwezi kuuzungusha mwanga uliopolaraishwa (mwanga unaotetema katika bapa moja tu) mpaka iwe na kaboni iliyoshikwa na makundi manne tofauti. Kanuni hiyo humvusha mtihani, lakini si ya kweli. Mkemia Van 't Hoff mwenyewe, tunayemsingizia ukali huo, alikwisha kubashiri mwaka 1875 kwamba aleni, molekuli zenye vifungo viwili-viwili vinavyofuatana kwenye kaboni moja, zingeweza kuzungusha mwanga bila kaboni ya namna hiyo.

Chukueni heksaheliseni, C26H16, mojawapo ya heliseni, yaani molekuli za pete zilizopinda kama skrubu. Ni pete 6 za benzini zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, zote zikipinda upande mmoja. Zikagueni kaboni zake 26, na kila moja mtaikuta imeshikana na atomu tatu tu. Lakini pete ya sita inapoifikia ya kwanza haikuti nafasi, haidrojeni zinasongana, na ncha moja inalazimika kupanda juu ya nyingine. Molekuli imekuwa hesi, na hesi, kama ile ya skrubu, ama ni ya kulia ama ni ya kushoto. Hakuna namna ya kuigeuza ikalingana na taswira yake kiooni.

Melvin Newman na Daniel Lednicer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliichapisha kazi yao mwaka 1956, na werevu wao ulikuwa katika kuzitenganisha hesi hizo mbili. Mazoea ya maabara ni kutengeneza chumvi kwa asidi au besi, ilhali hapa hamna asidi wala besi, ni kaboni na haidrojeni tupu. Wakabuni kitendanishi chao, asidi yenye makundi manne ya nitro kwenye sehemu iliyo bapa na yenye upungufu wa elektroni, ambayo iliambatana zaidi na hesi ya upande mmoja kuliko ya upande wa pili. Mzunguko mahususi, yaani kipimo cha jinsi dutu inavyouzungusha mwanga huo, ukafika takriban digrii 3,640. Sukari ya mezani, yenye kaboni 9 za aina tunayoitukuza, hufikisha 66.5!

Najua yupo atakayesema kwamba hesi hiyo hujigeuza, ya kulia ikawa ya kushoto. Pentaheliseni, yenye pete 5, hujigeuza taratibu hata kwenye joto la chumba, ndiyo. Heksaheliseni hudai takriban kilojuli 150 kwa moli ili ijigeuze, na hata hapo hakuna kifungo kinachovunjika, kwa sababu mkazo wa kupinda umegawanywa katika vifungo vingi. Mwingine atadai kwamba iliyopinda si aromatiki, yaani elektroni zake hazisambai tena katika pete zote kama kwenye benzini. Vifungo vya ndani vimerefuka kidogo na vya nje vimefupika, basi. Elektroni zingali zinasambaa.

Kuhusu R. H. Martin wa Brussels, aliyezirefusha heliseni kwa msaada wa mwanga, na ile ya pete 16 iliyotengenezwa Japani mwaka 2015, nitataja majina tu. Picha za vichocheo vyenye hesi nazo zitasubiri, kwa kuwa Mwenyekiti ameanza kunionyesha saa.