Figo ya mume, mwili wa mke

SALMA: Assalaam alaykum wasikilizaji, mie Salma niko na Khamis hapa Michenzani, na leo Khamis kaja na jambo la kwao Wete.

KHAMIS: Waalaykum salaam. Mke wa mjomba wangu figo zilimfeli zote mbili, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, mjomba akasema basi mie natoa yangu, kundi la damu ni O wote wawili, wakenda kupima wakaambiwa haifai. Mjomba alilia dada Salma, alihisi kakataliwa yeye.

SALMA: Masikini. Na wengi wetu tunajua kundi la damu tu, likilingana tunasema yamekwisha.

KHAMIS: Ndo hapo. Juu ya seli zetu kuna alama wanaziita HLA, chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zinazisoma kujua huyu wa nyumbani huyu mgeni, na nusu unarithi kwa baba nusu kwa mama. Sasa bibi huyu kazaa watoto saba.

SALMA: Ngoja, watoto wanaingiaje kwenye figo?

KHAMIS: Mtoto nusu ya alama zake ni za babaake. Damu yake kidogo inapenya kwa mama, hasa wakati wa kujifungua, mwili wa mama unaona alama siijui hii, unatengeneza kingamwili, yaani silaha za kuipiga vita alama hiyo. Si kila mzazi, lakini kila mimba zikizidi ndo uwezekano unavozidi, na zinaweza kukaa miaka na miaka. Kwa hiyo mwili wake ulishamjua mumewe zamani na ulishajiandaa naye. Na damu ya kuongezewa inafanya hivohivo, nae aliongezewa.

SALMA: Subhanallah. Wamejuaje lakini kabla hawajampasua?

KHAMIS: Krosmechi. Wanachukua maji ya damu ya mgonjwa wanachanganya na chembe nyeupe za mtoaji, zikishambuliwa basi hapo pana hatari. Zamani kabla ya kipimo hichi, kuna figo zilikuwa zinageuka nyeusi palepale kitandani daktari anaangalia. Tangu 1969 walipoonesha wazi kuwa krosmechi inatabiri hayo, ikawa kawaida kuangalia kwanza kabla ya kupasua.

SALMA: Na mtoto wake mkubwa je? Si damu yake mwenyewe?

KHAMIS: Alijitolea! Lakini yule ana nusu ya baba, ile ile inayopigwa vita, nae ikagoma. Mie hapo ndo niliumia zaidi, maana kijana alishaaga kazini. Wakabaki ndugu zake mama. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, nafasi ya kulingana kabisa ni moja kwa nne, nusu kwa nusu ni mbili kwa nne. Kakaake wa Micheweni akalingana nusu, krosmechi safi, wakafanya.

SALMA: Alhamdulillahi. Dawa?

KHAMIS: Dawa maisha. Wasiozihitaji ni pacha wa kufanana kabisa, mmoja akimpa mwenzake, kama wale wa Boston, Marekani, 1954 waliopasuliwa na daktari Joseph Murray na wenzake. Huyu wetu anameza takrolimasi asubuhi na jioni kwa saa zilezile, inawatuliza askari wa mwili wasimshambulie mgeni, na wanampima damu kiwango kisizidi kisipungue.

SALMA: Na chakula?

KHAMIS: Balungi marufuku, linapandisha ile dawa kwenye damu mpaka inadhuru hiyo hiyo figo. Na uwani kwao pana mbalungi mkubwa, sasa mjomba akichuma anawagaia majirani yote, nae mwenyewe hali.